Bawaba ya Kushoto

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro. Masomo yangu ni Jiografia na Kiswahili. Ufundi sikuusomea popote. Lakini jioni, vipindi vikiisha, utanikuta kwenye meza ya mbao nyuma ya nyumba za walimu, mbele yangu kompyuta mpakato ya mtu imevuliwa gamba na skrubu zake zimepangwa juu ya karatasi. Natoa ushuhuda huu kwa sababu nawajua walimu, watendaji wa vijiji, wainjilisti na wanachuo ambao hivi sasa wamezifunga kompyuta zao kwa mpira, au wamezisukumia uvunguni wakiamini zimekufa. Hazijafa. Kilichong'oka ni bawaba.

Watanzania wengi waliisikia tarafa yetu mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kuingia Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Wageni waliondoka, umbali ukabaki. Siku hizi kuna lami kati ya Wasso na Sale, kilomita 49, na tunashukuru. Ila ukiiacha lami ukateremkia Ziwa Natron, ukapita chini ya Oldoinyo Lengai na kuambaa na Engaruka hadi Mto wa Mbu, unasafiri ndani ya vumbi. Ni udongo uliotokana na majivu ya volkano, laini na mwepesi, unaopenya hata begi lililofungwa zipu. Anayeuliza kwa nini kompyuta za huku huanza kuharibika kwenye bawaba, aanzie kwenye vumbi hilo.

Bawaba ya mlango inatakiwa iwe nyepesi. Hii ya kompyuta imefanywa ngumu kwa makusudi, ili kioo kisimame pale unapokiacha. Ndani yake kuna pini ya chuma iliyobanwa kwa washa na nati, pamoja na grisi kidogo. Grisi ikikauka au ikishikana na vumbi, bawaba inakuwa nzito. Chuma chenyewe ni nadra kuvunjika. Kinachoshindwa ni plastiki inayokishika: ndani ya gamba kuna vinundu vya plastiki, na kila kinundu kimezamishiwa nati ya shaba yenye urefu wa milimita chache tu. Skrubu za bawaba zinakaza humo. Ukizoea kufungua kioo kwa kukamata kona moja, nguvu yote inaishia kwenye vinundu vya upande huo. Siku moja vinakatika, nati zinang'oka, na tangu hapo kila ukifungua, bawaba inalipasua gamba kutoka ndani. Fremu ya kioo inaachama. Waya mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo, ambao hupita palepale kwenye bawaba, unaanza kubanwa.

Yangu iling'oka upande wa kushoto, tukiwa katikati ya kuingiza alama za mock ya kidato cha nne. Niliiegemeza kwenye rundo la madaftari nikamaliza kazi. Likizo ilipofika nikaibeba hadi Arusha, kwenye duka moja la kompyuta. Waliiangalia juu juu, wakaniambia gamba likishapasuka hakuna kinachofanyika, ninunue nyingine. Bei waliyonitajia, kwa mtu anayekatwa asilimia 15 ya mshahara na Bodi ya Mikopo kila mwezi, ilikuwa sawa na kuniambia nirudi kwenye chaki na karatasi ya kaboni.

Nyumbani kwetu ni Karatu. Karibu na stendi kuna fundi mtu mzima ambaye tangu nikiwa mdogo nimemwona akitengeneza redio, kisha simu, na sasa chochote chenye waya. Nilipita pale zaidi kwa kutaka kusalimia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwalimu. Mgonjwa gani huyo umemkumbatia?"

Nikamweleza niliyoambiwa Arusha. Akaipokea, akaifungua polepole huku sikio lake likiwa karibu na kona.

"Inawaka?"

"Inawaka vizuri tu."

"Basi hii nzima, imeteguka bega. Vuta kigoda, tuifungue wote wawili."

"Fundi, mimi nikiigusa si nitaiharibu kabisa?"

"Utaiharibu ukiivuta kwa nguvu. Shika bisibisi."

Alichora mstatili kwenye karatasi, ukubwa wa kompyuta yenyewe, na kila skrubu niliyotoa tukaiweka kwenye mchoro mahali ilipotoka. Skrubu hazilingani urefu. Ndefu ukiirudisha penye fupi, itatokeza kwenye kibodi. Mbili zilikuwa zimejificha chini ya vile vijiguu vya mpira. Kisha akanipa kadi ya plastiki niipitishe kwenye mshono wa gamba, kidogo kidogo, mpaka vishikizo viachie kimoja kimoja. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote akanionyesha plagi ya betri kwenye mazabodi, nikaichomoa. Hilo alilirudia mara mbili: betri kwanza.

Nati za shaba zilikuwa zimedondokea kwenye kona, bado zina mabaki ya plastiki kwenye mistari yake. Nilidhani tutaanza na gundi. Fundi alianza na bawaba. Aliilegeza nati yake robo mzunguko, akaijaribu kwa vidole, akasugua vumbi kwa mswaki uliochovywa spiriti, akatia tone la grisi. Akanipa niichezeshe. Ilikwenda kwa uzito unaostahili, bila kukwama. Akasema plastiki unaweza kuijenga upya kwa ustadi wote, lakini ukiacha bawaba ngumu itang'oa tena kabla mwezi haujaisha. Kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu leo zilishatengenezwa mara moja mahali fulani, na karibu zote zilipakwa gundi bila bawaba kuguswa.

Baada ya hapo tulifunga zile nati kwenye bawaba kwa skrubu zake, tukiwa tumezipaka skrubu grisi kidogo ili gundi isizigandishe. Hivyo kila nati inakaa sawasawa na tundu lake. Tukaukwaruza msingi wa vinundu kwa msasa, tukaufuta kwa spiriti, tukachanganya gundi ya epoksi, ile ya tyubu mbili, nusu kwa nusu, na kuzizungushia nati kwa kijiti cha kiberiti. Kinundu cha mwisho kilikuwa hakina hata msingi. Hapo alitoboa gamba moja kwa moja, akapitisha bolti nyembamba yenye kichwa bapa, akaikaza kwa nati upande wa ndani.

"Itaonekana kwa nje, fundi."

"Ionekane. Hiyo ndiyo itakayokaa kuliko zote."

Hakukubali niondoke nayo siku ile. Gundi ya kukauka taratibu huwa imara kuliko ya dakika tano, na bawaba haitakiwi kukunjwa hata kidogo kabla ya saa 24. Nilirudi kesho yake. Nikaifunga mwenyewe, skrubu kwa skrubu, nikifuata mchoro wa karatasi. Alipoiwasha na kukiinua kioo kwa kidole kimoja, katikati na si pembeni, nilibubujikwa na machozi mbele ya watu stendi. Miaka yote nilikuwa namiliki chombo nisichothubutu kukiangalia ndani. Kazi zangu zote zilikuwa humo, na maisha yake nilikuwa nimeyakabidhi kwa watu wa mbali.

Watu huniuliza kuhusu supagluu. Ukiinyunyizia unga wa baking soda inakuwa ngumu papo hapo, na kwa ufa mdogo wa gamba inafaa sana. Wanafunzi wangu hufurahi nikiwaambia unga huo ni ndugu wa magadi yaliyotanda ukingoni mwa Natron. Lakini peke yake haihimili msokoto wa bawaba, kwa sababu hainyumbuliki. Inapasuka na kuondoka na plastiki iliyobaki. Nimezipokea nyingi za namna hiyo, na hizo ndizo ngumu kuliko zote, maana kwanza nakwangua, ndipo najenga.

Niliporudi kazini, mwalimu mwenzangu aliiona bolti akauliza. Yake ilikuwa imefungwa kwa mpira tangu muhula uliopita. Tukaifungua pamoja. Ikafuata ya mtendaji wa kijiji, ya mwinjilisti, ya kijana aliyekuwa akiandika ripoti yake ya chuo. Sitozi fedha kwa walimu wenzangu, wananunua gundi tu. Wengine hutoa wanachoweza, na mara nyingi ni asali.

Jamii ninayoishi nayo ni Batemi, ambao wengi huwaita Wasonjo. Digodigo, Samunge na vijiji jirani hulima kwa mifereji ya asili, maji ya chemchemi yakigawiwa kwa zamu chini ya wazee wanaoitwa wenamiji. Mfereji wa udongo lazima ubomoke, na wanaouziba ni walewale wanaoutumia, wakubwa kwa wadogo. Ndiyo maana wanafunzi wangu hawakushangaa nilipowaita mezani. Walishangaa zaidi kwamba watu wazima walikuwa wameziacha kompyuta zikae bure. Binti mmoja wa kidato cha tatu alianza kwa kunishikia tochi. Sasa ndiye anayepanga skrubu, na wiki iliyopita alinizuia mkono: "Madamu, hii inazunguka patupu, nati imeng'oka chini." Mimi sikuwa nimeihisi. Nikamwachia bisibisi.

Kuna nisivyovigusa. Betri iliyovimba siifinyi wala kuibandua kwa bisibisi, kwa kuwa ikitobolewa inaweza kulipuka moto. Namwambia mwenyewe aache kuitumia na ampelekee fundi mwenye uzoefu. Waya wa kioo ukishakatika, naupeleka Karatu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na kuletwa kwa walimu pia sivifungui, hata mwenye nacho akinibembeleza, kwa sababu ni mali ya serikali na vina utaratibu wake.

Katika kusoma habari za kazi hii nimeona kwamba hatuko peke yetu. Amsterdam, mwaka 2009, mwanamke aitwaye Martine Postma alianzisha mahali ambapo majirani hukutana kutengeneza vitu vyao kwa pamoja, na mtindo huo umesambaa nchi nyingi. Ufaransa tangu 2021 inazilazimu kompyuta mpakato ziuzwe zikiwa na alama inayoonyesha urahisi wa kuzitengeneza. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa. Nazifurahia sheria hizo. Lakini kompyuta nyingi tunazonunua huku zimeshatumika kwingine, zinatufikia grisi imeshakauka, na mwenye duka hatuuzii bawaba, anatuuzia kompyuta nyingine. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na haikufika hata robo iliyokusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ningependa kuona bawaba, nati na skrubu zikiuzwa Wasso kama zinavyouzwa spea za bodaboda. Na ningependa somo la kompyuta shuleni lianze kwa kufungua gamba, mtoto aone betri iko wapi na kioo kinashikwa na nini, kabla ya kufundishwa kuandika jina lake kwenye skrini.

Kwa hiyo nina ombi kwenu mlioko Karatu, Arusha na Moshi. Desemba mkija likizo, nileteeni magamba ya kompyuta zilizokufa kweli, hata yaliyopasuka vipande vipande. Nati za shaba nitazichomoa, bawaba nitazisafisha na kuzihifadhi, na vipande vya plastiki ya ABS nitavilowesha kwenye asetoni mpaka viwe uji wa kuzibia nyufa za magamba mengine. Za inchi 14 na 15 ndizo zinazotafutwa zaidi huku, hasa bawaba za kushoto.