Papa wa Amu, Mvua ya Isiolo

Mtaani Wabera, mjini Isiolo, nyumba yetu ilijulikana kwa harufu. Mama ni mtu wa Amu, yaani Lamu. Baba, Mborana wa hapa hapa, alimpata zama zile alipokuwa akiendesha lori la mizigo kupitia Garba Tula na Garissa hadi Mokowe, na hata baada ya harusi lori halikuiacha njia ile. Kila liliporudi lilileta furushi la gunia lililokazwa kwa kamba ya usumba: ng'onda, papa, na nazi za kujazia nafasi. Mama akilifungua tu, majirani wanafunga madirisha. Wafugaji wengi wa kaskazini enzi hizo hawakuwa na habari na samaki. Akko, mama yake baba, alisema samaki ni nyoka aliyekimbilia majini, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mimi bahari niliijua kwa furushi lile kabla sijaiona kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 pande moja la papa lilikuwa pana kuliko kiganja cha baba, gumu, limekolea chumvi. Mama aliliroweka usiku kucha, asubuhi akamwaga maji, akaliroweka tena, kisha akalichemsha, akalichambua nyuzi nyuzi na kulirudisha jikoni kwa tui zito na ndimu. Tulikula nyumba nzima na la daku likabaki. Miaka michache baadaye wakaanza kuja papa wazima, waliopasuliwa tumbo na kukaushwa. Vitoto. Namkumbuka mama amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, amemlaza mmoja juu ya mkono wake: kichwa kwenye kiwiko, mkia kwenye ncha za vidole. "Huyu hajazaa," alisema, akamweka kando. Baadaye alimpika, maana hapakuwa na kitoweo kingine.

Nilipoanza kupelekwa Amu wakati wa likizo nilimuuliza mjomba, ndugu yake mama, papa wakubwa wamekwenda wapi. Alininyoshea kidole jarife lililoanikwa ufukweni, lenye macho mapana kiasi cha kupitisha kichwa changu. Jarife hutegwa jioni, likaachwa usiku kucha, na halichagui: papa, taa, kasa, nguva. Zamani, alisema, nyavu za pamba zilioza na papa mkubwa alizichana akaenda zake. Nailoni haiozi wala haichaniki. Mapezi nayo yalikuwa na wanunuzi wake wa kuyapeleka ng'ambo, kwa hiyo hata papa ambaye nyama yake haikutakiwa hakurudishwa majini. Na papa si dagaa. Hukawia kukua, jike huzaa wachache, na wengine hupitisha miaka kumi na zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Ukivua watoto, baada ya muda huna wa kuvua.

Kwa jirani yake mjomba palitundikwa ukutani msumeno wa papa upanga, mrefu kunizidi, meno yamepangika pande zote mbili. Mjomba aliwahi kumwona samaki huyo mzima alipokuwa mdogo. Mimi nimeuona msumeno tu. Nguva naye, ambaye majani ya bahari ya mifereji ya Lamu yalikuwa malisho yake, alizama katika majarife hayo hayo, kwa kuwa ni mnyama wa kuvuta pumzi kama ng'ombe. Akinaswa chini dakika chache zinatosha. Leo kumwona nguva katika maji ya Kenya ni habari ya gazetini. Nayasema haya mapema kwa sababu siku hizi kila hasara inasukumiwa tabianchi. Jarife lilitangulia.

Joto likafuata. Mvua iliyoanza Oktoba 1997, ile ya El Niño, haikukata hadi mwaka mpya. Wabera ilikuwa tope tupu, vyoo vikafurika, na lori la baba likakwama upande wa Garissa kwa kuwa barabara ilimezwa na maji. Kisha mbuzi wakaanza kutupa mimba, kundi zima kwa usiku mmoja, na habari zikafika kwamba Garissa watu wanakufa. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu wanaoanguliwa katika madimbwi ya mafuriko. Watu wakaogopa nyama na maziwa. Ramadhani iliingia katikati ya hofu hiyo, na mama alikuwa na furushi moja alilokuwa ameliweka darini. Majirani waliokuwa wakifunga madirisha wakaanza kutuma watoto na bakuli. Jioni moja akko alivuta sahani ya papa wa nazi, akala kimya hadi akaifuta kwa kipande cha chapati. Siku ya pili aliuliza kama nyoka yule amebakia.

Barabara zilipopitika, Aprili 1998, nilikwenda Amu. Mjomba alinichukua kwa dau hadi mwamba wa Manda Toto, mahali nilipozoea kuzamia na kuona matumbawe ya kahawia, ya zambarau na ya kijani. Safari hii chini palikuwa peupe kama chokaa. Samaki walikuwapo bado, wanaogelea katikati ya ule weupe, na rangi zao zilionekana kali isivyo kawaida. Mjomba, mtu wa bahari maisha yake yote, alikuwa hajaliona jambo hilo. Alionja maji kwa ulimi, akasema yana joto la kuogea.

Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake vinaishi vijimea vidogo mno vinavyompa chakula na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa kaskazi kwa nyuzi moja tu, wiki kadhaa mfululizo, tumbawe huvitema vijimea hivyo. Maji yakiwahi kupoa, hupona. Yasipopoa, hufa kwa njaa. Mwaka ule maji hayakupoa mapema, na katika miamba mingi ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe yalikufa. Nilipokwenda tena, weupe ulikuwa umefunikwa na mwani, na miaka iliyofuata mwamba ukaanza kumeguka, mashimo walimojificha chewa na kamba yakajaa vifusi. Mjomba alihamisha malema yake mahali pengine, kisha pengine.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mafuriko yetu na weupe ule ni joto moja. Bahari ya Hindi upande wetu ilipopata joto kupita kiasi mwishoni mwa 1997, ilitoa mvuke mwingi ulioletwa na upepo hadi huku juu, ukatunyeshea. Joto lililobaki majini likaua matumbawe. El Niño yenyewe haikuletwa na binadamu, ipo tangu zamani. Lakini inatua juu ya bahari ambayo tayari imepashwa: kati ya 1951 na 2015 uso wa Bahari ya Hindi ya tropiki uliongezeka joto kwa takriban nyuzi 1, zaidi ya wastani wa bahari za dunia, na sababu kubwa ni moshi wa viwanda na magari.

Utotoni nilidhani mto ndio unaotuunganisha na pwani. Nilitupa vipande vya mbao katika Mto Isiolo nikiamini vitamfikia mjomba. Mwalimu wa jiografia akanivunja moyo: maji ya Ewaso Ng'iro huishia katika kinamasi cha Lorian, mchangani, na siku hizi, kwa jinsi yanavyochotwa kwa mashamba ya juu karibu na Mlima Kenya, mwaka wa kiangazi hata huko hayafiki. Kinachotuunganisha na bahari ni upepo. Baadaye ikaja na barabara.

Machi 2012 marais Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi walizindua mradi wa LAPSSET huko Lamu, na ramani zikafika Isiolo kabla ya matrekta. Bandari kule, reli, bomba la mafuta na barabara kuu hadi kwetu, jiji la kitalii hapa. Wabera nzima ikageuka madalali. Viwanja ambavyo hata mbuzi walivikataa vilipata wanunuzi kutoka Nairobi, na mwenye kiwanja kimoja alikiuza kwa watu wawili. Sikuwa mpinzani wa barabara. Aliyelala njiani Modogashe na gari lililokwama hawezi kuwa mpinzani wa barabara.

Kule Amu ramani hiyo hiyo ilianzia katika maji ya Ghuba ya Manda, upande wa Kililana. Ili meli kubwa zitie nanga ilibidi kuchimba hadi kina cha mita 17 na nusu. Mchanga na tope vilivyotimuliwa vilitanda juu ya matumbawe na majani ya bahari, na mmea usiopata mwanga haukawii kufa. Mikoko ilikatwa pia, na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, mahali wanapokulia kaa, kamba na samaki wadogo. Lakini kitu ambacho mgeni hakioni kwa haraka ni kusi. Kusi likivuma, dau na mashua ndogo haziwezi kutoka nje ya mwamba. Mvuvi anategemea maji ya ndani, yaliyokingwa na visiwa. Ghuba ile na mfereji wa Mkanda ndiyo ilikuwa akiba ya miezi hiyo.

Wavuvi walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na haki yao ya mazingira safi imevunjwa. Iliamriwa wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Nilipomuuliza mjomba maoni yake alisema tu kwamba pesa hailiki kwa kijiti, akimaanisha mshikaki wa tafi wa kuchoma.

Wakati huo huo bahari iliendelea kutuandikia huku juu. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilitoka katika Bahari ya Arabu vikamwaga mvua katika jangwa la Rub' al Khali, na nzige wakazaliana huko pasipo mtu wa kuwaona. Mwisho wa 2019 upande wetu wa bahari ukapata joto tena isivyo kawaida, mvua ikanyesha, majani yakaota, na Januari 2020 nzige wakatufikia. Tuligonga masufuria barabarani. Mama alitoka nje na kofia ya ukindu, akaangalia anga lililogeuka kahawia, akasema wanavuma kama pepo za matlai kwenye tanga.

Baada ya nzige, ukame: misimu mitano ya mvua ikakosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wanasayansi wa World Weather Attribution walisema mwaka 2023 kwamba uwezekano wa ukame wa ukali ule umeongezeka angalau mara 100 kwa sababu ya joto lililoletwa na binadamu. Baba alipoteza ng'ombe wote isipokuwa jike mmoja.

Furushi bado linakuja, siku hizi kwa basi kupitia Mombasa na Nairobi. Papa hamna. Kuna pweza mkavu, ambaye hukua upesi na kufa kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa hiyo anavumilia kuvuliwa kuliko papa. Mwaka jana mjomba alipiga simu akatueleza jinsi watu wa Pate wanavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, mtu haruhusiwi kumgusa pweza hadi wafungue, na wakifungua wanakuta wakubwa. Simu ilikuwa kwenye spika. Baba, ambaye tangu nizaliwe hajawahi kuuliza jambo lolote kuhusu uvuvi, akasogeza kiti. Hiyo ni dedha, alisema. Waborana wa Isiolo wana wazee wa dedha wanaoyafunga malisho ya kiangazi wakati wa mvua ili yasiliwe kabla ya siku yake.

"Na anayeingia kabla ya kufunguliwa," baba akauliza kwa sauti, "wazee wanamtoza ng'ombe wangapi?"

Mjomba akacheka. Akasema Pate ng'ombe si wengi, punda ndio wengi.

"Basi shemeji, watozeni punda."