Usikate, Ninarudi

Elimu yangu ya kwanza ya simu ilikuwa elimu ya kukata. Nilikulia Musonoi, cité ambayo kampuni ya madini ya Union Minière iliwajengea wafanyakazi wake kando kabisa ya machimbo, na nyumbani kwetu hapakuwahi kuwa na simu ya waya. Simu za mkononi zilipotufikia, unités, yaani salio, zilikuwa ghali, basi tukawa watu wa kubipu: unaita, ikilia tu upande wa pili unakata mbio, mwenye uwezo akupigie. Siku ukiwa na unités unamwaga mambo yote kwa pumzi moja, kwa sauti ya juu, halafu unakata bila kuaga. Hakuna aliyeona hapo utovu wa adabu.

Na tabia hiyo ndiyo niliyoingia nayo kazini, katika ofisi ya kampuni ya malori mjini Kolwezi, Kongo. Nilikuta mezani simu yenye safu ya vitufe, kila kitufe na taa yake. Taa ikitulia, mtu anaongea. Ikipepesa polepole, mtu anangoja. Ikipepesa haraka, mtu anaita. Kolwezi inachimba shaba, madini ya nyaya za simu, lakini laini zetu zote zinapita hewani: kila moja ina kadi yake, hii ya Vodacom, ile ya Airtel, nyingine ya Orange, maana watu hapa hupenda kupiga ndani ya mtandao mmoja wasilipe zaidi. Asubuhi zote zinawaka pamoja. Wakala wa Dar es Salaam, ambako saa iko mbele yetu, amekwisha kunywa chai na anataka majibu; Kinshasa, walio nyuma yetu kwa saa moja, ndio kwanza wanafungua milango. Katikati yao kuna dereva aliyekwama kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, wakala wa forodha anayedai hati, na mke wa dereva anayeuliza kwa upole, “Mama, bwana yangu alishafika Zambia?”

Aliyenifundisha ni mama mmoja aliyewahi kupokea simu katika kampuni ya madini ya Gécamines, akaondoka katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004, uliowatoa kazini watu zaidi ya 10,000. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: “Mwenye kungoja haoni.” Wewe unaona taa, unajua yuko. Yeye anasikia kimya tu, na kimya kwake maana yake umemkata. Kwa hiyo kabla ya kumwekea muziki, muulize kama anaweza kungoja, na usubiri ajibu. Andika jina na namba yake kabla ya yote, kwa kuwa mtandao wetu haukuahidi kitu. Kisha rudi kwake mapema, hata kama huna jipya: “Papa, mukubwa haiko mu bureau, bado namutafuta. Utangoja ao nikupigie?”

Kuhamisha simu nako kulinichukua muda. Mama hakutaka nimsukume mtu kwenye namba ya ndani nikajiondoa. Nilipaswa kumsubiri mukubwa ajibu, nimwambie ni nani na anataka nini, ndipo nitoke. Mtu akilazimika kueleza shida yake upya mbele ya kila sikio, mara ya tatu anaieleza kwa hasira, na ana haki.

Nilikuja kusoma kwamba ugomvi huu wa wapigaji na wapokeaji wa simu ni wa zamani. Boston, mwaka 1878, kazi hii ilikuwa ya wavulana waliotoka kwenye telegrafu, wakiwafokea na kuwatukana wateja, mpaka akaajiriwa Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kuifanya. Wavulana wale ningewaelewa vizuri sana.

Sauti yangu imeshuka, hata nyumbani. Watoto wanacheka kwamba mmoja akinikatiza ninapoongea na mwenzake, namwambia wa kwanza, “Usikate, ninarudi,” na kweli narudi. Lakini kukata sijakuacha kabisa. Dereva akipiga kutoka Kasumbalesa na unités za kuhesabu, simwekei muziki: nachukua namba, nakata mimi, nampigia kwa gharama ya ofisi. Hapo ile elimu ya kubipu inafaa kuliko mafunzo yote, na mama mwenyewe aliponiona nikifanya hivyo hakusema neno.

Sasa mukubwa anafikiria kuweka sauti ya mashine: bonyeza 1, bonyeza 2. Kwa wateja wa maofisini sipingi. Dereva, hata hivyo, atakuwa ameishiwa unités kabla mashine haijamaliza kumkaribisha. Nimemwomba laini moja, ile ambayo madereva wengi wanaijua, iendelee kupokelewa na mtu. Bado hajanijibu.