Alama Juu ya Nyusi

Kichwa chake kilikuwa kikubwa. Hilo ndilo linalonijia kwanza ninapomkumbuka, kabla ya sura wala sauti, kwa kuwa mimi ndiye niliyemvisha helmeti ya kwanza maishani mwake, asubuhi moja ya Machi 1998, katika stoo ya vifaa ya chuo kimoja huko Ohio.

Nilikuwa na miaka 22, mtoto wa Mombasa, nikimalizia majira yangu ya pili ya baridi. Viza ya mwanafunzi iliniruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki, na kazi niliyoipata ni ya stoo: kufua jezi, kukunja taulo, kujaza mipira upepo, kugawa viatu. Wachezaji wa kikapu niliwajua kwa namba za viatu vyao. Yeye alivaa 15. Msimu wake wa nne, wa mwisho, ulikuwa umekwisha siku chache tu nyuma. Nikadhani amekuja kurudisha vitu. Kumbe amekuja kuchukua.

Kanuni za michezo ya vyuo Marekani zilimpa mwanafunzi miaka mitano, na ndani yake misimu minne ya mchezo mmoja. Aliyemaliza minne ya kikapu, akabakiwa na mwaka, aliweza kuutumia mwaka huo kwa mchezo mwingine. Rafiki yangu alikuwa na urefu wa sentimita 193, na kazi yake ilikuwa chini ya goli, kugombea mipira iliyogonga chuma ikarudi. Kwetu Majengo angeinama kila mlango. Lakini katika ligi ya kulipwa, watu wa kazi ile wengi wanapita mita mbili, naye alilijua hilo bila kuambiwa; ndiyo maana akageukia mpira wa Kimarekani.

Tena ilikuwa zama za Tony Gonzalez. Alicheza kikapu na mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha California, na mwaka 1997, wiki chache baada ya kuisaidia timu ya kikapu kufika kumi na sita bora, Kansas City Chiefs walimchagua wa 13 katika nchi nzima. Kuanzia hapo makocha wakawa wanawatazama vijana wa kikapu kwa jicho jingine. Nafasi waliyowawazia ni ya taiti endi: mtu anayesimama mwishoni mwa mstari wa wazuiaji, mara asukumane na mabeki, mara achomoke akimbie kupokea pasi. Anahitajika mtu mpana mwenye mikono laini.

Helmeti haivaliwi kama kofia ya kiua, uiweke kichwani ikae. Unaingiza vidole gumba kwenye matundu ya masikio, unaipanua, unaivuta chini. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi. Kisha unachomeka sindano ya pampu, unajaza upepo mifuko ya ndani, halafu unashika vyuma vya usoni na kuvizungusha: ngozi ya paji la uso ikisogea pamoja na helmeti, imemkaa. Nilimfanyia yote hayo yeye ameketi kwenye benchi, mimi nimesimama, na bado tulikaribia kulingana. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

"Sioni pembeni," akasema.

Mzee wa stoo, aliyekaa na kazi ile miaka mingi, akamjibu kutoka kwenye mashine za kufulia: "Hakuna anayeona, mwanangu."

Mazoezi ya machipuo yalikuwa 15 tu, na alipewa hayo kujaribiwa. Mimi nilisimama pembezoni na taulo, nikikausha mipira. Pasi ya kwanza ilimgonga kifuani ikaanguka. Ya pili hakuiona kabisa. Mtu aliyezoea kuona wachezaji wengine wote tisa uwanjani sasa alikuwa kama anachungulia dirishani. Kocha hakumkaripia, na kunyamaza kwake kulinitia hofu zaidi.

Halafu, nadhani ni zoezi la tano, mrusha pasi alikosea akaurusha mpira juu mno. Rafiki yangu alimpa beki mgongo, akatanua viwiko, akapanda. Ilikuwa ribaundi, ile ile niliyomwona akiidaka majira yote ya baridi. Beki alimrukia kwa nyuma akaishia kumkumbatia kiuno. Kocha msaidizi akaomba irudiwe, mpira urushwe juu makusudi. Ikarudiwa mara nne, na mara nne akashuka nao. Nilijikuta napiga makofi kwa taulo lililolowa.

Kudaka akawa anadaka. Kuzuia ndiko kulikomshinda. Unainama, vidole vya mkono mmoja chini, na mpira ukitoka unanyanyuka chini ya kifua cha mwenzako. Yeye alinyanyuka wima kama mtu anayesubiri mwamuzi arushe mpira juu, na vijana waliomfika begani wakamlaza chali. Hata hivyo walimbakisha. Agosti alirudi bila kulipiwa karo na timu.

Kila Ijumaa nilizifuta helmeti zote kwa dawa na kitambaa, maana Jumamosi zilitakiwa zing'ae. Zetu zilikuwa nyeupe, na zikigongana na za wapinzani ziliachiwa rangi. Alama za helmeti yake mwezi wa Septemba zilikuwa pembeni, juu ya sikio, na kisogoni: alipigwa asikokuona. Nilizifuta bila kumwambia kitu. Kadiri wiki zilivyopita alama zikawa zinahama. Oktoba nikaikuta moja ya kijani juu ya nyusi ya kulia, pana kama kidole, imekolea. Hiyo aliiona ikija, akaiendea. Alipita stoo jioni ile, akaigusa kwa kidole gumba, akaniomba nisiifute.

Nilifurahi naye. Leo furaha ile inanitia simanzi. Miaka saba baadaye, 2005, daktari Mnigeria aliyefanya kazi Pittsburgh, Bennet Omalu, pamoja na wenzake walichapisha madhara ya kugongwa kichwa mara kwa mara waliyoyaona katika ubongo wa Mike Webster, mchezaji mkongwe wa timu ya Steelers aliyefariki 2002. Nilipozisoma habari zake niliziona tena zile rangi, nami nilikuwa nimezisoma kama maendeleo.

Rafiki yangu alidaka pasi tatu msimu mzima, akahitimu, akawa mwalimu. Mwaka 2003 San Diego Chargers walimsajili Antonio Gates kutoka Kent State, chuo cha jirani tu, kijana aliyeifikisha timu yake ya kikapu nane bora mwaka uliotangulia na hakucheza chuoni hata mechi moja ya mpira wa Kimarekani. Naye ni wa sentimita 193. Alistaafu na mabao 116, tachidauni kwa lugha yao, mengi kuliko taiti endi yeyote. Agosti 2025 walipomwingiza katika jumba la magwiji huko Canton, simu yangu ililia. Sauti ya rafiki yangu, nzito, sasa ina mikwaruzo.

Tuliongea karibu saa nzima. Nikamuuliza habari za kichwa. Akasema kichwa kizuri, magoti ndiyo yanayomsumbua, na nikajikuta nasikiliza kila neno kama linatoka sawasawa. Kisha akaniuliza, baada ya miaka 27, kama ile alama niliifuta.

Nikamwambia ukweli. Desemba ile helmeti zote zilipakiwa kupelekwa kiwandani, zikaguliwe na kupakwa rangi upya. Ya kwake niliiacha mwisho, nikaiweka sandukuni na kijani chake juu ya nyusi, nikafunga kwa utepe.