Diodi Ubavuni mwa Bamba

Nilikuwa na miaka ishirini na moja nilipounguza amplifaya ya watu siku ya harusi.

Ilikuwa Januari 2010. Unguja haikuwa na umeme tangu Desemba, na haukurudi mpaka Machi. Kiembe Samaki tulilala na kuamka na ngurumo za jenereta. Baba alikuwa na chumba chake cha ufundi ubavuni mwa nyumba, paa la mabati, na mimi nilikuwa nimerudi likizo, kichwa kimejaa vitabu vya elektroniki.

Mwenye muziki wa harusi alileta amplifaya asubuhi. Ukiipandisha sauti inapiga vizuri, ukiishusha, mwimbaji anakwaruza kama ana mafua. Baba alikuwa anatoka kwenda Darajani. "Nisubiri nirudi," akaniambia.

Sikumsubiri. Ugonjwa ule niliujua. Katika amplifaya ya aina ile, transista mbili zinagawana kazi: moja inabeba nusu ya juu ya wimbi la sauti, nyingine nusu ya chini. Lakini transista ya silikoni haifunguki mpaka ipate kama volti 0.6. Wimbi likipita kwenye sifuri, zote mbili zimelala. Muziki ukiwa mkubwa, pengo hilo halisikiki. Ukiwa mdogo, ndilo unalolisikia. Dawa yake ni diodi zinazoziweka transista wazi kidogo, mkondo mdogo upite hata pakiwa kimya. Nikapima, nikakuta diodi moja imepiga shoti.

Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Ila diodi za zamani zilikuwa zimebanwa kwa waya na gundi kwenye bamba la alumini linalopoza transista. Niliona ni uchafu. Nikazitoa, nikalehemu mpya kwenye bodi, zimenyooka, mbali na bamba.

Baba aliporudi aliikuta inaimba, sauti safi. Hakuifungua. Alimwambia mwenyewe, "Kaitengeneza mwanangu huyu." Sijasahau alivyolitamka neno "huyu".

Jioni, bibi harusi hajatoka, spika zikanyamaza, na harufu ya kuungua ikatufikia.

Kila transista inapopanda nyuzi moja ya joto, volti inayohitaji kufunguka inashuka kama milivolti 2. Kutoka nyuzi 30 hadi 80, hizo ni milivolti 100. Diodi ikigusa bamba, nayo inapata joto na kushuka pamoja nazo. Zangu zilikaa kwenye ubaridi wao, zikaendelea kutoa volti zile zile. Mkondo ukazidi, joto likazidi, na joto likaongeza mkondo, mpaka mwisho.

Baba alikwenda nyumbani akaing'oa jozi ya transista kwenye amplifaya yetu, ile Mama aliyokuwa akisikilizia taarabu. Akazifunga kwa mwanga wa tochi, mimi nimeishika, mkono unanitetemeka. Diodi akazirudisha kwenye bamba. Harusi ikaendelea.

Nilingoja anigombeze. Njiani alisema tu, "Kazi si kuifanya ipige. Kazi ni ipige mpaka asubuhi."

Umeme uliporudi Machi, nyumba za jirani zilianza tena kupiga muziki. Yetu ilikaa kimya karibu mwaka mzima. Mama hakuuliza, alisikiliza redio ya betri. Mshahara wangu wa kwanza nilinunua jozi ya transista Kariakoo, nikavuka nayo mfukoni.

Niliifunga mwenyewe, Baba amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Nilipoiwasha, Mama akaja kusimama na mwiko mkononi. Baba hakusema inapigaje. Aliinuka, akapitisha kidole taratibu ubavuni mwa bamba, akiitafuta diodi.