Antivirasi Ni Nani Anaiangalia

Wadau, niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo ukitaka kunipuuza, ruksa. Kuna kachama ka mikopo nakasaidia na kompyuta, mashine 14, na mwenyekiti aliniuliza, "Kijana, tununue antivirasi gani?" Mimi nikamuuliza, mzee, nani ataiangalia?

Ukiiweka kwa kila mashine kivyake, mhasibu ataizima siku inamchelewesha, na hakuna atakayejua. Inayosimamiwa kutoka sehemu moja inakuonyesha: mashine ya mapokezi haijasasishwa wiki tatu. WannaCry ya Mei 2017 ilipitia shimo ambalo Microsoft ilishatoa kiraka chake Machi. Miezi miwili, jameni!

Ila kusimamia kutoka sehemu moja pia kunauma. Julai 19, 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5. Ndiyo maana nataka ile inayoniruhusu kujaribu sasisho kwa mashine mbili kwanza. Na nywila ya msimamizi isikae na mtu mmoja, hata akiwa mimi. Hapo ndani kuna akiba za kina mama wa soko.

Mwenyekiti anataka bei tu. Nimemwambia aongeze malipo ya saa moja kila Jumatatu, ya mtu wa kufungua hiyo skrini.