Toleo Jipya Litatoka Lini?

Nimekuwa kimya tangu Januari, na sababu ya kimya hicho ndiyo habari ya leo.

Miaka mitatu iliyopita niliandika programu ndogo ya kuweka hesabu za chama: michango, mikopo, riba, gawio la mwisho wa mwaka. Niliiandika kwa ajili ya chama cha mama yangu, kisha nikaiweka GitHub ikiwa huria, aitakaye aichukue. Vyama vingine vikaichukua. Mwaka jana mwezi wa Agosti ikagunduliwa kasoro: mwanachama akilipa sehemu ya mkopo, riba iliendelea kuhesabiwa juu ya mkopo wote. Nikatangaza kwamba toleo la 2.0 litarekebisha jambo hilo, na kwamba liko karibu.

Mhazini wa chama kimoja cha Voi alinipigia simu Septemba, akanipigia tena Oktoba. "Mwanangu, ile mpya iko wapi?" Nami nikamjibu, "Imebaki kidogo tu, mama." Sikukusudia kumdanganya. Ila mimi mwenyewe sikujua kilichobaki ni nini. Orodha ya kazi ilikuwa nusu kichwani, nusu kwenye daftari ambalo sikulifungua.

Desemba ikafika. Gawio likahesabiwa kwa programu ile ile ya zamani, wanachama wawili wakakuta wamekatwa riba kupita kiasi, na kikaoni hakuna aliyeuliza habari za programu. Waliuliza pesa zimekwenda wapi. Mama wa watu, aliyeshika vitabu vya chama miaka kumi bila doa, akatakiwa ajieleze. Alinipigia jioni hiyo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia haitawahi, ningepiga hesabu kwa mkono."

Ndipo nikaanza kuchunguza wenzetu wakubwa hufanyaje. Nilikaa zaidi na Debian, mfumo wa Linux ulioanza mwaka 1993 na unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Msidhani ni watu wa haraka! Toleo lao la 3.0 lilitoka Julai 2002, na lililofuata, 3.1, likatoka tarehe 6 Juni 2005. Karibu miaka mitatu. Lakini kuchelewa kwao hukufanyika gizani. Kasoro zinazoweza kuzuia toleo zina daraja lake maalumu, huhesabiwa, na hesabu yake huchorwa kwenye grafu ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Mstari wa kijani unaonyesha zile zinazohusu toleo lijalo. Ukiwa juu, huhitaji kumsumbua mtu kwa maswali.

Kilichonifurahisha zaidi ni ukurasa mwingine wanaouita kwa neno lenye maana ya "visingizio". Hauandikwi na mtu. Programu hupitia kila kifurushi kinachosubiri kuingia katika ngazi ya majaribio na kuandika kimezuiwa na nini: hiki kina umri wa siku 3 na kinatakiwa kifikishe 5, kile kimeleta kasoro mpya, kingine hakijajengeka kwenye aina fulani ya kompyuta. Nilicheka peke yangu. Visingizio vyangu havikuwahi kuwa wazi hivyo.

GitHub nayo ina mstari wa asilimia unaopanda kadiri unavyofunga kasoro za toleo. Niliutumia siku mbili nikauacha. Nilikuwa nimerekebisha makosa ya tahajia manane, mstari ukaruka juu, na ile riba haijaguswa. Kwa mstari ule kosa la herufi na kosa la pesa ni kitu kimoja.

Basi Januari nikaandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye kasoro 11 zinazozuia toleo: ni nini, iko mikononi mwa nani, imekwama wapi. Juu kabisa nikaweka swali moja kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wahazini na si waandishi wa programu: "Je, nitumie programu hii kugawa pesa?" Jibu: "Hapana, mpaka nambari 3 ifungwe."

Wiki iliyofuata 11 zikawa 17, kwa sababu watu walioona orodha waliongeza zao. Rafiki yangu akanishauri niufute ukurasa, eti unaniharibia jina. Niliona aibu kweli, lakini sikuufuta. Nambari 9 nilikuwa nimeiandika hivi: "Sijaigusa. Sijui senti zinazobaki baada ya kugawa apewe nani." Mwanafunzi mmoja nisiyemjua aliisoma, akaniletea suluhisho lenye majaribio yake siku mbili baadaye. Kwenye daftari langu angeionaje?

Mhazini wa Voi sasa hufungua ukurasa huo kwa simu yake. Hajanipigia kuuliza "lini" tena. Alichofanya ni kuninakilia vitabu vya mwaka jana, majina yakiwa yametolewa, ili nivijaribie.

Zimebaki 4. Nambari 3 niliifunga Jumanne. Jumatano nikapitisha hesabu zake zote kwenye programu, na jumla ya mwaka imepishana na kitabu chake kwa shilingi 40. Nimefungua nambari 18, na lile jibu la juu linasema "Hapana" tena. Nimemwarifu. Amesema atapitia risiti za Machi kwanza.