Muonekano wa Saa Mbili Usiku

Sisi tuliokulia Unguja hatukuijua televisheni ya nyeusi na nyeupe. Vijana wetu huona tunajisifu tukisema hivyo, lakini tarehe zipo. Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, zote kwa picha zisizo na rangi. Televisheni Zanzibar ilipofunguliwa mwaka 1973 ilianza moja kwa moja na rangi, na wakati huo Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, haikuwa na televisheni ya aina yoyote. Ilisubiri hadi Januari 1976. Wenzetu wa Bara walingoja zaidi, hadi mwaka 1994, ingawa juu ya baadhi ya nyumba za Dar es Salaam zilisimama antena ndefu zilizoelekezwa ng'ambo ya bahari, zikidokoa mawimbi ya Unguja.

Rangi ilikuwapo, mbwembwe hazikuwapo. Nyuma ya msomaji palikuwa na pazia, mbele yake meza, na juu ya meza karatasi. Alisoma, akainua macho, akayarudisha kwenye karatasi, nasi tukajua kwamba habari ile imeandikwa mahali fulani na mtu fulani, na kwamba msomaji hakuitunga pale alipokaa. Wanaume walivaa suti za Kaunda. Picha za matukio zilikuwa chache, tena nyingine za juzi, kwa hiyo sehemu kubwa ya taarifa ilikuwa ni uso wa mtu mmoja na Kiswahili chake. Tulikaa mkekani sebuleni kwa jirani, maana nyumba zenye televisheni mtaani zilihesabika, na wazee walikuwa ndio kwanza wametoka kuswali Isha, wengine tasbihi ingali mkononi. Taarifa ikiisha, mwenye nyumba aliifunika televisheni yake kwa kitambaa cha kufuma kama mtu anayefunika chakula.

Bibi yetu mzaa mama hakukubali kamwe kwamba msomaji hatuoni. Akitokea msomaji mwanamume, bibi aliivuta kanga yake akajitanda vizuri, na msomaji akitoa salamu, bibi alimwitikia kikamilifu. Wajukuu tulipocheka, alitujibu: "Mtu akukodolee macho namna ile, useme hakuoni?" Tulicheka miaka mingi. Leo, katika zama za simu zenye kamera mbele na nyuma, hatucheki sana.

Tulihamia Dar es Salaam mwaka 1995, vituo binafsi vikiwa vimeshaanza. Hapo ndipo tulipoona kwa mara ya kwanza wasomaji wawili wakikaa bega kwa bega, mwanamume na mwanamke, wakipokezana habari. Pazia lilitoweka, mahali pake pakawekwa picha ya mji wakati wa usiku. Suti ya Kaunda ilikwenda na wakati wake, yakaja koti na tai. Karatasi zilibaki mezani kwa heshima tu, kwa sababu maneno sasa yalikuwa yakipita kwenye mashine ya kusomea iliyo mbele ya kamera, na msomaji akawa anatutazama machoni muda wote kama mtu aliyehifadhi. Tarehe 11 Septemba 2001 vituo vikubwa vya habari vya Marekani viliweka maandishi yanayotambaa chini ya kioo, ili kukidhi wingi wa habari za siku ile. Siku ile ilipita, maandishi hayakuondoka, na desturi ikaenea duniani hadi ikatufikia sisi na televisheni zetu za chogo. Mwishoni mwa mwaka 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, vikaja ving'amuzi, kioo kikawa bapa na kipana, na msomaji akainuka kitini. Sasa anatembea, anagusa ukuta unaowaka picha, anaongea na mwenzake aliye Dodoma. Mezani kuna kompyuta mpakato ambayo hatujawahi kumwona mtu akiigusa.

Hatusemi kwamba ya kale yote yalikuwa bora. Mkalimani wa lugha ya alama anayekaa kwenye kona ya kioo ni badiliko ambalo tunaliombea dua, kwa kuwa tunaye ndugu kiziwi ambaye kwa miaka mingi alitazama midomo ya wasomaji bila kupata hata habari moja. Lakini maandishi yale yanayotambaa yamemnyang'anya mzee asiyeona vizuri utulivu wake: hajamaliza kusikiliza habari ya mafuriko, jicho limeshavutwa na bei ya korosho.

Haya yote yameturudia mwaka huu kwa sababu ya neno moja alilokuja nalo binti yetu kutoka kwenye usaili. Amesomea uandishi wa habari, ana diploma yake, na sauti amerithi kwa bibi yake. Aliitwa na kituo kimoja cha televisheni hapa mjini kujaribiwa kusoma taarifa ya habari. Alisoma mbele ya kamera mara tatu. Waliomsikiliza walimsifu, walisema Kiswahili chake kimenyooka na kwamba hababaiki akikutana na jina gumu. Kisha mmoja wao akamwuliza kama angeweza kuuvua mtandio, kwa ile nusu saa tu, akishamaliza aurudishe. Binti yetu aliuliza kwa nini. Akajibiwa, tena kwa upole, kwamba mtandio hauendani na muonekano wa taarifa ya habari.

Alikataa, akashukuru, akarudi nyumbani. Hakulia mbele yetu. Alisema, "Baba, Mama, wangesema sauti yangu mbaya ningelala usingizi."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza huo muonekano wa taarifa ya habari ni upi hasa. Ule wa pazia na suti ya Kaunda, au ule wa kukaa wawili, au huu wa kutembea? Kila kituo duniani kimeubadilisha mara nyingi, na karibu kila mara kulikuwa na mtu aliyeambiwa haendani nao. BBC ilipoanza taarifa ya habari ya televisheni, mwezi Julai 1954, msomaji hakuonyeshwa kabisa. Sauti ilisikika juu ya picha na ramani, kwa sababu wakubwa wa shirika walichelea kwamba uso wa mtu, kwa kukunja ndita au kutabasamu, ungeingiza maoni ndani ya habari. Uso uliruhusiwa mwaka uliofuata. Mwaka 1960 shirika hilohilo lilimweka mwanamke, Nan Winton, asome taarifa ya usiku; haukupita muda mrefu akaondolewa, kwa kuwa watazamaji walioulizwa walisema mwanamke kusoma habari za usiku haifai. Ilipofika mwaka 1975, Angela Rippon akawa msomaji wa kudumu wa taarifa ya usiku, na Waingereza wakaendelea kunywa chai yao. Hivyo kwanza uso wowote ulikuwa haufai, kisha uso wa mwanamke, na vyote viwili vilikataliwa kwa jina la uaminifu wa habari.

Sisi Waislamu tuna elimu ya habari iliyo kongwe kuliko televisheni, nayo haikujengwa juu ya sura. Surat al-Hujurat imetufundisha kuihakiki habari anapoileta mtu asiyeaminika. Wanazuoni wa hadithi waliposhika kazi ya kuwapima wapokezi, walipima ukweli wa mtu, hifadhi yake na mwenendo wake. Walimwuliza amesikia kwa nani, lini, na kama alikutana kweli na huyo anayesema amemsikia. Mama wa Waumini, Bi. Aisha (r.a), amepokewa hadithi zaidi ya 2,000 za Mtume (s.a.w). Watu walisafiri kumwendea, wakamwuliza, naye akawajibu kutoka nyuma ya pazia. Hawakumwona, wakaandika. Umma mzima umepokea kwake mambo ya swala, ya ndoa na ya tohara, na hatujasikia mwanachuoni aliyelalamikia muonekano.

Ipo hoja ya upande wa pili, nasi tumeipima kwa sababu aliyeitoa kwa binti yetu hakuwa mtu wa chuki. Alisema kituo kinatazamwa na watu wa dini zote na wasio na dini, na msomaji anapaswa kuwa wa wote. Maneno hayo yanasikika vizuri. Lakini kichwa wazi nacho ni muonekano wa watu fulani, na tai haikuota katika mwambao huu. Ililetwa na meli pamoja na kofia za jua. Tumeizoea tu. Mtu akizoea kitu hukiona hakina upande. Mkulima wa Njombe amewahi kuikataa habari ya bei ya mbolea kwa sababu msomaji amevaa tai ya wageni? Basi kwa nini adhaniwe kwamba ataikataa akisomewa na aliyejitanda?

Tena si kwamba jambo hili halijapata kuonekana. Pale Zanzibar, wasomaji wanawake wa ZBC hujitanda mitandio na habari zikasikika. Misri, nchi ya Kiislamu yenye televisheni ya taifa tangu mwaka 1960, ilichukua zaidi ya nusu karne: Fatma Nabil ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma taarifa katika televisheni hiyo akiwa na hijabu, Septemba 2012. Khadija Benguenna wa Al Jazeera aliivaa mwaka 2003 akiwa tayari ni msomaji maarufu, na aliendelea na kazi yake. Uingereza, mwaka 2016, Fatima Manji wa Channel 4 alisoma habari za shambulio la Nice akiwa amejitanda, na mwandishi mmoja wa safu akahoji kama ilifaa mtu wa vazi hilo kuisoma habari ile. Aliulizwa kuhusu kitambaa. Habari yenyewe hakuna aliyesema aliisoma kwa makosa. Saudi Arabia nako walikuwa na kizuizi chao cha namna nyingine, maana mwanamke hakusoma taarifa kuu ya usiku ya televisheni ya taifa hadi Septemba 2018, aliposoma Weam Al Dakheel. Tunalitaja hilo ili tusije tukadhani kwamba kufunga milango ni kazi ya wengine peke yao.

Kituo kile kilimpigia simu binti yetu wiki tatu baadaye. Walimpa kazi katika chumba cha habari, kuandika zile habari ambazo wengine watazisoma. Tulikaa naye usiku mmoja mpaka saa sita kulijadili. Sisi tulielekea kumwambia akatae, kwa heshima yake. Yeye alisema kodi ya chumba haijui heshima, na kwamba anayeandika ndiye anayechagua neno. Alikubali. Sasa tukirudi kutoka msikitini tunaketi mbele ya kioo, na mdogo wake wa miaka kumi na moja ameshajua mtindo wa sentensi zake, ambazo ni fupi, mtendaji mwanzoni, na hazina "kufuatia" wala "kwa upande wake". Ikisomwa moja husema, "Hiyo ya dada." Msomaji, msichana mwenye adabu ambaye kwa haki hana kosa lolote, huisoma vizuri.

Mwezi ujao kuna usaili katika kituo kingine, na ameshapeleka barua. Sisi tulimshauri avae mtandio wa kijani, rangi anayopendeza nayo. Akatucheka. Ukuta ulio nyuma ya msomaji, alitueleza, siku hizi mara nyingi hupakwa rangi ya kijani, na mtambo hukifuta chochote cha kijani na kuweka picha mahali pake. Angevaa ule, kichwani pake pangeonekana bandari ya Dar es Salaam na meli zake. Amechagua wa zambarau.